Bastola Isiyolemea



Huko Marekani, mtu akiisha kuamua kutembea na bastola chini ya nguo zake, swali analokwenda nalo dukani si kama jambo hilo ni halali. Sheria imekwisha kumjibu. Swali lake ni hili: Ni bastola ipi nitakayoweza kuivaa tangu asubuhi hata jioni bila kuumia? Auliza habari za uzito na unene, auliza habari za mkanda na za ala ya kuitia bastola hiyo. Pengine wako watakaocheka na kusema kwamba hayo ni maswali ya fundi cherehani, wala hayakustahili kuandikwa katika ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Ndani ya swali hilo dogo la raha limejificha swali kubwa la dhamiri. Nalo lawahusu hata jamaa zetu wengine, kwa maana si haba siku hizi walio na mtoto, ndugu au shemeji anayeishi Texas, Minnesota au Ohio, mahali ambapo bastola huuzwa dukani kama tunavyouza jembe.

Kwanza tufahamu sheria yenyewe. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yanayotaja haki ya raia kuwa na silaha, yalithibitishwa mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, ya kuweka bastola nyumbani kwake ili ajilinde. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi iliyotoka New York, mahakama hiyohiyo ikasema kwamba haki yaendelea hata nje ya mlango wa nyumba. Leo, katika zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya nchi ile, mtu mzima asiyezuiliwa na sheria hahitaji kibali ili aifiche bastola kiunoni. Texas iliruhusu hivyo tangu tarehe 1 Septemba 2021, kwa waliotimiza miaka 21. Walakini sheria ya taifa zima humkataza kumiliki bunduki au bastola mtu aliye huko kwa viza ya muda, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Basi mwanafunzi wetu aliyekwenda huko kwa viza ya masomo asidhani kwamba ruhusa ya jimbo yamtosha.

Lakini kuruhusiwa na sheria ya nchi si mwisho wa maneno. Je, ni haki mbele ya dhamiri mtu kujitayarisha kila siku kwa chombo cha kuulia? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijibu swali la kujilinda katika karne ya 13. Alifundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wa anayeshambuliwa, na kufa kwake anayeshambulia. Mtu anayejilinda hana hatia, mradi nia yake ni kuokoa uhai, wala hatumii nguvu kupita kiasi kinachohitajika. Akipita kiasi, tendo lililokuwa halali lageuka kuwa ovu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaongeza kwamba kwa mwenye madaraka juu ya uhai wa wengine, kuwalinda si haki tu, bali ni wajibu mzito. Kwa hiyo hatumwiti mwuaji mama muuguzi atokaye kazini usiku wa manane na kuivuka peke yake njia yenye giza. Wala hatumdharau mwenye duka aliyekwisha kuvamiwa.

Shikeni neno hilo moja, kiasi, kwa sababu hapo ndipo habari ya raha inapogusana na habari ya dhamiri.

Zamani bastola ilikuwa mzigo hasa. Ile ya Samuel Colt ya mwaka 1847, iliyotengenezwa kwa askari wapanda farasi, ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi. Ilibebwa zaidi na farasi kuliko na mtu. Ile ya jeshi la Marekani ya mwaka 1911 ilikuwa kilo moja na zaidi kidogo. Hata hivyo, hamu ya kuwa na silaha ndogo si ya leo. Henry Deringer wa Philadelphia alipata jina kwa kutengeneza bastola za kuingia mfukoni, na ni bastola yake moja iliyompiga Rais Abraham Lincoln usiku wa tarehe 14 Aprili 1865. Mwaka 2018 ilitokea SIG Sauer P365, yenye uzito wa nusu kilo hivi, tena yachukua risasi 10 na moja zaidi ndani ya mtutu. Viwanda vingine vikafuata mtindo huo. Mtu aweza kuivaa bastola ya namna hiyo ndani ya suruali kutwa nzima, akafanya kazi, akala, akaendesha motokaa, wala asiisikie.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wenye ujuzi wa silaha hulijua sana, na wanunuzi wageni hawalijui. Bastola iliyo raha kuivaa si raha kuipiga. Ikiwa nyepesi, hurudi nyuma mkononi kwa nguvu zaidi. Mtutu ukiwa mfupi, kulenga shabaha ni vigumu zaidi. Kipini kikiwa kidogo, vidole havipati mahali pa kushika. Mwenye nayo huenda kwenye uwanja wa shabaha mara moja, kiganja kikamwuma, asirudi tena. Akaendelea kuivaa miaka mitatu bila kuipiga. Je, mtu wa namna hiyo aweza kutimiza lile sharti la kiasi? Kiasi si neno la mdomoni tu. Kwahitaji mkono uliofundishwa, jicho lililozoea, na moyo usiofadhaika. Mtu asiye na mazoezi, akishikwa na hofu gizani, risasi zake zaweza kumpata mpita njia asiyehusika. Alijipunguzia taabu yeye, na taabu ikamwangukia mwingine.

Na ala nayo ina hukumu yake. Ala njema ina mambo matatu. Hufunika kabisa kifyatulio, yaani kile kichuma kinachovutwa na kidole. Huishika bastola imara hata mtu akikimbia au akianguka. Tena mdomo wake hubaki wazi, ili bastola irudishwe kwa mkono mmoja pasipo kupapasa. Ndiyo maana nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo Kydex, au kwa ngozi nene iliyokazwa. Hizo hukwaruza ubavu. Ala ya kitambaa laini hupendeza mwilini kuliko hizo. Na ngozi ikichakaa huwa laini kama kitambaa. Lakini kilicho laini hujikunja, na ukunjo ukiingia kwenye kifyatulio wakati wa kuirudisha bastola, risasi hutoka na kuingia pajani mwa mwenyewe. Wengine huona heri kuiacha ala kabisa, wakaitia bastola mfukoni pamoja na funguo. Hiyo ndiyo raha ya mjinga.

Mahali pa raha kupita pote ni mkoba wa mkononi. Hapo mwili hausikii kitu. Iko mikoba iliyoshonwa makusudi, yenye mfuko wa siri wa bastola. Mwezi wa Desemba mwaka 2014, katika jimbo la Idaho, mama mmoja alikuwa dukani na watoto, na mkoba wa namna hiyo ulikuwa karibu na mwanawe wa miaka miwili. Mtoto akafungua, akaitoa bastola, ikalia, na mama akafa palepale. Mama huyo hakuwa mtu mbaya. Aliichukua silaha ili kulinda uhai. Lakini mtoto wa miaka miwili hajui siri ya mfuko ni nini.

Tena kuna kusahau. Kitu kisichosikika mwilini hutoka upesi akilini. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikuta bunduki na bastola 6,737 katika mizigo ya abiria waliokuwa wakielekea ndani ya ndege, na katika kila 100, kama 93 zilikuwa na risasi. Udhuru uliosikika mara kwa mara ulikuwa huu: Nilisahau kwamba ninayo. Hebu fikirini. Mtu husahau mwavuli, husahau miwani. Lakini mtu aliyejitwalia madaraka juu ya uhai na kifo cha wenzake, je, yampasa kusahau?

Hapa msomaji mwenye akili atapinga: Basi wataka bastola iwe kama kokoto kiatuni, imwumize mtu ili akumbuke? La. Lazima tuseme haki. Raha nayo ina wema wake. Silaha inayochoma ubavu haikai kiunoni. Saa sita mchana mwenyewe huivua na kuiacha ndani ya motokaa, na wezi wa Marekani wajua sana kuvunja vioo vya motokaa. Au huiweka juu ya meza, au chini ya mto, au katika droo isiyo na kufuli. Afadhali bastola inayokaa vema mwilini mwa mtu mwangalifu kuliko ile inayozagaa nyumbani. Kwa hiyo ala iliyokatwa vizuri na mkanda mgumu unaogawanya uzito si anasa, ni tahadhari kabla ya hatari.

Basi tutapambanuaje raha njema na raha mbaya? Wazee wetu walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Taabu ikiwa begani kwa mwingine, sisi twaiona nyepesi. Kanuni yetu na iwe hiyo. Raha inayomsaidia mtu kuishika silaha yake chini ya ulinzi wake mwenyewe ni busara. Raha inayopatikana kwa kumwondolea yeye taabu na kuiweka begani kwa mtoto, kwa mke, au kwa mpita njia, hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyekwisha kuumia.

Wala tusidhani kwamba hatari yatoka kwa mgeni wa gizani tu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto huko Marekani, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Ni zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi yarudi nyumbani kila jioni, nayo yaweza kumkuta mwenyewe, au kijana wake, siku ya huzuni kuu. Siku hiyo wepesi wa kuifikia, uliosifiwa dukani, wawa adui. Yeyote mwenye bastola na awe na sanduku la chuma lenye kufuli, na awe na moyo wa kumkabidhi mwingine ufunguo moyo wake ukiwa na giza.

Iko taabu moja tena ambayo hakuna ala iwezayo kuiondoa. Anayevaa bastola amejinyima haki ya kugombana. Akitukanwa barabarani, yampasa kunyamaza na kwenda zake, kwa kuwa ugomvi wake hauwezi tena kuishia kwenye ngumi. Akiwa nayo asinywe pombe. Kwenye mzozo na awe wa kwanza kuomba radhi, hata pale ambapo haki ni yake. Mtu aliyekuwa mpole kidogo sasa yampasa kuwa mpole sana. Akiona kwamba tangu aanze kuivaa amekuwa na kiburi, atazama watu kwa macho ya kuwapima, na apenda kupita mahali alipokuwa akipaepuka, basi silaha yake imekwisha kumdhuru kabla haijalia.

Ninyi wazazi na jamaa mlio na watu wenu kule, msiwatukane wala msiwatishe. Waulizeni kwa upole mambo manne. Umeichukua kwa hatari iliyo ya kweli, au kwa hofu ya habari ulizozisikia, au ili ujione mkubwa? Wafanya mazoezi na hiyohiyo uivaayo, au yakaa tu? Ukiivua, yalala wapi, na nani aweza kuifikia? Na ukichokozwa leo, waweza kuondoka? Akiwa na majibu mazuri, mshukuruni kwa uangalifu wake. Akikosa jibu la moja tu, mshaurini aiweke chini mpaka alipate.

Na yule anayeona kwamba masharti haya ni mazito mno kwake, asione haya kutembea mikono mitupu. Hajapungukiwa na ujasiri kwa hilo. Amejipima nguvu zake, akakiri kwamba mzigo huu haumfai. Nako kujipima hivyo ndiko kungewafaa wengi kabla ya kuingia dukani na kuuliza ni ipi iliyo nyepesi.