Pawa Saplai Yenye Nembo ya Dhahabu

Mwishoni mwa 2020 na karibu mwaka mzima wa 2021, kupata kadi ya grafiki mpya kulitegemea bahati nasibu, tena bahati nasibu ya kweli. Januari 2021 duka la mtandaoni la Newegg, la Marekani, lilianza kuchezesha kura: mteja anajiandikisha, anasubiri, na jina likitoka ndipo anaruhusiwa kulipa. Hata aliyebahatika, mara nyingi hakuuziwa kadi peke yake. Alifungiwa kadi pamoja na kitu ambacho hakukiomba, ubao mama au pawa saplai, akaambiwa achukue vyote au aache vyote. Miongoni mwa pawa saplai zilizotoka kwa mlango huo zilikuwamo mbili za Gigabyte, kampuni ya Taiwan yenye jina kubwa: GP-P750GM ya wati 750 na GP-P850GM ya wati 850.

Kwa mnunuzi wa kawaida hazikuwa na doa. Kampuni inajulikana, wati zinazidi mahitaji ya wengi, na zimebandikwa nembo ya 80 PLUS Gold. Baadaye malalamiko yakaanza: imezimika na haiwaki tena, nyingine imelia paa! na kutoa harufu ya kuungua. Agosti 2021 wapimaji wa Gamers Nexus, Wamarekani ambao kazi yao ni kupima vifaa vya kompyuta na kutangaza matokeo, walizitia kadhaa kwenye mashine ya mzigo. Waliziongezea mzigo makusudi kupita uwezo ulioandikwa, ili waone kama zitajikata zenyewe kama pawa saplai yoyote nzuri inavyotakiwa. Baadhi zililipuka palepale mezani.

Katikati ya mwezi huohuo Gigabyte ilitoa tamko. Ilisema vipimo vile vilikuwa vikali mno na vya muda mrefu mno kulinganisha na matumizi ya kawaida. Lakini tamko hilohilo likaeleza kwamba kiwango cha kujikata kilikuwa kimewekwa kati ya asilimia 120 na 150 ya uwezo, na kwamba sasa kimeshushwa hadi kati ya 110 na 120. Hesabu yake ni nyepesi. Ile ya wati 850 ingeweza kuachwa ibebe hadi wati 1,275 kabla ya kukata, na baada ya marekebisho mwisho wake ni 1,020. Walionunua zile za mwanzo wakaruhusiwa kuzirudisha na kubadilishiwa. Msomaji apime mwenyewe: kama hapakuwa na tatizo, kiwango kilishushwa kwa nini?

Mkasa huu wa Marekani ninauleta kwa sababu umebomoa ngao mbili ambazo mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala huziamini kuliko zote, yaani wingi wa wati na nembo.

Tuanze na nembo. Mpango wa 80 PLUS ulianza Marekani mwaka 2004 kwa lengo moja, kupunguza umeme unaopotea. Pawa saplai inachukua umeme wa ukutani, inaugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo kompyuta inaweza kuzitumia, na katika kugeuza huko sehemu fulani hupotea kama joto. Ngazi ya chini ya nembo hiyo inadai angalau asilimia 80 ifike kwenye kompyuta. Ngazi ya Gold, kwa umeme wa volti 115, inadai asilimia 87 mzigo ukiwa mdogo au ukiwa umejaa, na 90 ukiwa nusu. Kwa hiyo kompyuta inayokula wati 200 kupitia pawa saplai ya asilimia 80 inavuta wati 250 ukutani, na hizo 50 zinageuka joto ndani ya boksi, nawe umezilipia LUKU. Hicho ndicho nembo inachopima. Haipimi kama pawa saplai itajikata waya zikigusana, wala haisemi kapasita zake, vile vikopo vinavyotunza umeme, zitaishi miaka mingapi. Gari linaweza kula mafuta kidogo na breki zisishike. Tena kipimo cha nembo hufanyika katika joto la nyuzi 23 hivi. Kwa Machi ya Dar es Salaam hiyo ni baridi, na ndani ya kasha lenye kadi inayochemka ni ndoto.

Wati nazo zina hadithi yake, na hapa ndipo mwenye bajeti ndogo anapoumizwa. Mara nyingi kompyuta ya gemu ya bei nafuu huundwa kwa kupangilia fedha hivi: kwanza kadi ya grafiki, kisha prosesa, kisha kasha lenye kioo na feni za rangi rangi, na kinachobaki mfukoni ndicho kinanunua pawa saplai. Mnunuzi anafika dukani Kariakoo na noti chache.

"Kaka, nina kadi ya RX 580. Nipe pawa saplai ya bei ya kawaida."

"Chukua hii bosi wangu, wati mia tano. Inabeba kadi yoyote."

"Ni orijino?"

"Orijino kabisa. Si unaona boksi?"

Muuzaji huenda asiwe mwongo. Huenda naye amesoma boksi tu kama mteja wake. Lakini ubavuni mwa pawa saplai kuna kibandiko chenye jedwali, na jedwali hilo linasema mengi kuliko boksi. Tafuta safu ya +12V, halafu chini yake tafuta ampea, herufi A. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa 20A, umepata wati 240. Hizo ndizo wati zako za kazi. Zile nyingine zinazofikisha 500 zimehesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako kompyuta ya leo haina haja kubwa. Zamani ilikuwa na haja: kabla ya Pentium 4 kuingia sokoni mwaka 2000, prosesa nyingi zililishwa kutoka volti 5. Tangu wakati huo mzigo umehamia volti 12, kwa prosesa na kwa kadi ya grafiki pia. Mtengenezaji anayeuza mchoro wa enzi zile ndani ya boksi jipya anakuuzia wati za mzee aliyekwisha kustaafu.

Sasa rudi kwa mteja wetu. RX 580, kadi iliyopendwa sana na wachimbaji wa sarafu za kidijitali na ambayo kwa sababu hiyo imejaa kwenye mitumba, imekadiriwa wati 185. Weka prosesa ya wati 65. Ongeza ubao mama, diski, memori na feni, tuseme 40 au 50. Umefika karibu 300, na karibu zote zinatoka volti 12. Mbele yake kuna pawa saplai ya 240. Kompyuta itawaka. Itafungua Windows, itacheza muziki, itamtoa mteja dukani akitabasamu. Jioni, gemu likifika penye mapigano na milipuko, kadi inavuta kwa nguvu zote na mashine inazima ghafla. Anawasha, inazima tena. Fundi wa kwanza atalaumu memori, wa pili atalaumu Windows. Pawa saplai yenye ulinzi wa kweli huishia hapo, kwenye kuzima. Isiyo na ulinzi huendelea kubeba mpaka kitu ndani yake kipasuke, na ikiondoka vibaya hupeleka volti zisizo zake kwenye ubao mama na kwenye kadi ileile iliyomlia mteja fedha zake zote.

Pawa saplai ya wati 450 iliyotengenezwa kwa uaminifu utaikuta na ampea 36 au 37 kwenye volti 12. Ni namba ndogo kwenye boksi kuliko ile 500, lakini ndani yake kuna nguvu karibu mara mbili.

Kuna pia dalili nyingine inayoonekana kwa macho, nayo ni plagi. Kadi inaweza kupata wati 75 kutoka kwenye sloti yake ya ubao mama. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Pawa saplai isiyo na plagi ya pini 6+2 kwa ajili ya kadi imeshakuambia uwezo wake, na ingefaa uiamini. Badala yake watu hununua kiunganishi cha elfu mbili tatu kinachogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa ya pini 8. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 za volti 12, yaani wati 54. Kuivutisha 150 ni kuyeyusha plastiki. Wanaoongeza kadi kwenye kompyuta za ofisi za mtumba, zile Dell na HP nyembamba, ndio hasa wanaoingia mtego huu, kwa kuwa nyingi zina pawa saplai ya wati 240 hivi na baadhi zina plagi za kampuni yenyewe tu, hivyo hata ukinunua pawa saplai nzuri haiingii. Chunguza hilo kabla hujanunua kasha.

Na kitufe chekundu cha nyuma! Pawa saplai za mtindo wa zamani zina kitufe cha 115 na 230. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Kikiwa kwenye 115, pawa saplai inauzidisha umeme mara mbili kabla ya kuugeuza. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi zetu, zaidi ya volti 600 zinaangukia kapasita mbili ambazo kwa kawaida kila moja imetengenezwa kwa volti 200. Mlio wake husikika chumba cha pili. Aliyeletewa kompyuta na ndugu kutoka Marekani akitazame kitufe hicho kabla ya kitu kingine chochote. Afadhali zaidi ni kupata isiyo nacho kabisa, iliyoandikwa 100–240V, maana hiyo huvumilia pia ule umeme mdogo wa saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko.

Suala la umeme wetu lina upande wa pili ambao wauzaji hawautaji. Umeme ukikatika na UPS kushika, kuna kitambo kifupi ambacho hakuna anayelisha kompyuta. Mwongozo wa ATX, unaofuatwa katika kutengeneza pawa saplai, ulizoea kudai pawa saplai ihimili milisekunde 17 bila kulishwa, na UPS ya kawaida huhitaji chache kuliko hizo kubadilisha. Zikiwa nzuri zote mbili, hutajua kama umeme ulikatika. Lakini pawa saplai iliyobaniwa kapasita haifiki hapo, na kompyuta inazima huku UPS ikilia pembeni bila kosa lolote. Wengi hurudisha UPS dukani.

Mwenye fedha kidogo afanyeje basi? Kwanza, apunguze kadi badala ya kupunguza pawa saplai. Kadi ya GTX 1650 imekadiriwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji plagi ya ziada. Inacheza gemu nyingi za mpira na za kushindana mtandaoni bila fujo, na hata pawa saplai ya wastani itaibeba. Kioo na taa vinaweza kusubiri mshahara ujao. Pili, atafute aina yenyewe, si jina la kampuni tu. Seasonic na Corsair wana sifa nzuri, lakini kampuni moja huuza matoleo mazuri na dhaifu chini ya jina lilelile. Gigabyte nayo haikuwa kampuni ya vichochoroni. Andika namba kamili ya toleo, tafuta aliyelifungua na kulipima mpaka likajikata, na soma alichokuta. Miaka ya dhamana nayo inasema kitu, kwa kuwa hakuna kampuni inayopenda kubadilisha bure: ya miaka 5 inaonyesha mtengenezaji anaiamini kazi yake, ya wiki mbili inaonyesha muuzaji anaiogopa.

Pawa saplai ya mtumba si haramu, ila ujue umri wake. Kapasita huchoka kwa joto, na iliyofanya kazi usiku na mchana kwenye mashine ya kuchimba sarafu imezeeka mapema. Ukiona kapasita imevimba kichwa au imevuja, iache pawa saplai hiyo, hata kama inawaka. Na usimruhusu mtu asiye fundi kuifungua, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zile kubwa hubaki na umeme kwa muda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika dukani omba boksi lifunguliwe na kibandiko kigeuzwe upande wako kabla hamjaanza kuzungumza bei. Toa simu, zidisha ampea za +12V kwa 12. Kama muuzaji hataki kufungua, duka la jirani liko wazi.