Povu na Maji Yanayobaki

Himdi ni ya Mwenyezi Mungu, Mteremshaji wa mvua, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika Sura ya Ra'd, aya ya 17, Mwenyezi Mungu ametaja maji ya mvua, na mabonde, na povu. Akalifananisha povu na batili, na kiwafaacho watu akakifananisha na haki.

Mtu wa pwani aliyezoea Mto Ruvuma uingiapo Bahari ya Hindi huujua mpana. Lakini huko Liparamba, kusini ya milima ya Umatengo, karibu na mpaka wa Msumbiji, kijito cha mlimani hujibwaga juu ya majabali kikawa cheupe kama pamba, na kishindo chake husikiwa kabla hakijaonekana. Mgeni hudhani hapo ndipo penye maji mengi. Na achote povu lile kwa kata, alitie kinywani: hapati hata funda moja. Atakaye kunywa au kutawadha hushuka mpaka penye kina, pasipo kelele.

Na Wamatengo wana hekima yao. Katika mteremko mkali hukata majani, huyapanga kwa mistari yenye kukatana, kisha huchimba udongo wa katikati wakayafunika. Hubaki mashimo, nayo huitwa ngoro. Mvua ikija, kila shimo hushika fungu lake, udongo hutulia, na maharagwe na mahindi huota kingoni. Mteremko usio na mashimo, mvua ile ile huuchukulia udongo wake.

Basi elimu ni mvua, na moyo ni mteremko. Yuko mtu atokaye darasani akavuma barazani mpaka usiku, akimhukumu huyu na kumkufurisha yule. Na deni la jirani halijalipwa, na Alfajiri imempita amelala. Huyo ni povu. Na yuko asikiaye mas'ala moja akaichimbia shimo moyoni: akalipa deni, akapima kibaba sawa, akamfundisha mwanawe. Huyo hana kishindo, na kwake watu hunywa.

Wala mtu wa pwani asiseme: "Huyu ametoka bara, ana nini cha kunifunza?" Maji ya Ruvuma yametoka huko huko.

Na kila mmoja ajiulize usiku wa leo: katika niliyoyasikia Ijumaa iliyopita, ni lipi lililobaki?

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu nyoyo zenye kushika. Amin.