Hakuja Kuomba Chakula

Sura ya Abasa ilishuka kwa sababu ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum. Hakuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba chakula, alikuja kutaka elimu. Mola akakataza mtu kama huyo kupewa mgongo.

Kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, zilianza kufunguliwa mwaka 1991. Wengi waliomo ni Wasomali, Waislamu wenzetu. Ramadhani tunawachangia wakimbizi mchele na tende; ni jambo jema. Lakini binti asiyeona, au asiyeweza kutembea hadi shuleni, tumwambie futari inamtosha?

Kutafuta elimu ni faradhi, haiondoki kwa ukimbizi wala ulemavu. Kiti cha magurudumu, vitabu vya breli, mshahara wa mwalimu: hizo nazo ni sadaka, tena sadaka jaria. Tukimlisha tu, tukamnyima elimu, tumempa mgongo.