Nani Amempa Mama Ruhusa ya Kutembea?

Mwaka jana siku 84 za likizo ya uzazi ya mke wangu zilipokaribia kwisha, nilimpigia simu mama yangu Wete nikamwambia aje Dar es Salaam kukaa na mjukuu wake. Sikumwomba, nilimtajia tarehe. Nikamwambia na nauli nimeshaitenga, kama mtu anayefanya wema.

"Wiki hiyo siwezi, mwanangu," akanijibu. "Mie na baba yako tuna shughuli."

"Shughuli gani? Kuna harusi?"

"Hakuna harusi. Tunatembea."

Kwetu Pemba kutembea si habari ya miguu tu. Ni kuvaa vizuri, kwenda kwa watu, kukaa, kula, kuzungumza, na kurudi jua limezama. Nilijua maana yake, na ndiyo maana niliudhika. Wazazi wangu wote wawili walikuwa walimu wa skuli. Wote wamestaafu, wote wazima wa afya, na kwa hesabu yangu muda wao ulikuwa wazi. Nikakata simu, nikamwambia mke wangu: "Eti wanatembea!" Yeye akanyamaza. Baadaye ndiyo nikaelewa kuwa kunyamaza kule hakukuwa kukubaliana na mimi.

Hiyo wiki yao nimekuja kuijua baadaye, nusu kwa picha za WhatsApp, nusu kwa kuwauliza mmoja mmoja kama tunavyofanya sisi wa kazi hii ya habari. Haikuwa na jambo kubwa. Jumamosi walikuja wenzao wanne, walimu wastaafu, watu waliosoma pamoja Chuo cha Ualimu Nkrumah, kule Beit el Ras, miaka ya themanini mwanzoni. Wakala wali wa nazi na changu, wakacheka mpaka alasiri. Jumapili wakaenda Chake kumtazama mwenzao aliyekuwa mgonjwa. Jumatatu wakachanga pesa, wakakodi gari, wote sita wakaenda kaskazini: wakapita Konde, wakaingia msitu wa Ngezi, kisha wakashukia ufukwe wa Vumawimbi.

Vumawimbi ndiko ilikotoka ile picha. Mama amekaa ndani ya maji, nguo zake zote mwilini, mtandio umelowa, anacheka mdomo wazi. Sijawahi kumwona mama yangu baharini, na mimi nimezaliwa kisiwani! Baba akaitupia picha hiyo kwenye kundi la familia. Kaka yangu akaandika: "Mama, hiyo ndiyo nini tena?" Mimi nikaandika: "Kumbe ndiyo shughuli yenyewe."

Sentensi hiyo bado imo kwenye simu yangu. Mama hakuijibu. Baba, ambaye huandika kwa nadra, akajibu kwa niaba yake: "Maji yalikuwa mazuri."

Alhamisi wakashuka bandari ya Mkoani, wakapanda boti kwenda Unguja. Hapa lazima niseme jambo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Kisiwani kwetu ni vigumu kumpata mtu asiyemjua aliyekufa usiku ule. Mama alipoteza mwalimu mwenzake waliyekuwa wakigawana meza. Tangu hapo aliwahi kuvuka bahari, lakini kwa mawili tu: hospitali na msiba. Safari hii ilikuwa ya kwanza tangu 2011 kuvuka kwa sababu ametaka. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alisema aliogopa njia nzima, baba yako kanishika mkono mpaka Malindi.

Unguja hawakufikia kwa ndugu. Walilala usiku mbili katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, na shangazi mpaka leo hajawasamehe. Tuna jamaa karibu kila mtaa wa mji ule! Lakini baba alikuwa na jibu lake: "Tungefikia kwa ndugu, mama yako angeamka alfajiri kumenya vitunguu." Basi wakalala mpaka jua limepanda. Ijumaa baba akaswali Malindi. Usiku wakakaa Forodhani wakala urojo, wakalitazama Beit-al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Waliwahi kupigwa picha mbele yake walipokuwa wachumba. Jumamosi wakarudi nyumbani.

Ni hivyo tu. Wageni, mgonjwa, pwani, boti, urojo. Swali lililonisumbua miezi kadhaa ni hili: kwa nini wiki ya kawaida namna hii iliniuma?

Tuna methali kila mtoto wa pwani ameisikia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nadhani wastaafu wetu tunawatazama kwa jicho hilo hilo. Tunawapa siku mbili za pongezi, hotuba na saa ya ukutani, na siku ya tatu tunawatafutia jembe: malezi ya wajukuu, usimamizi wa nyumba tunayojenga kijijini, kuwakilisha ukoo kila penye tanga. Kiinua mgongo chenyewe huwa kimegawanywa vichwani mwetu kabla hakijaingia benki. Kwa mama jembe ni zito zaidi, kwa sababu lile la jikoni hakuwahi kulitua hata alipokuwa na chaki mkononi.

Lilazame neno lenyewe. Kustaafu limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile la msamaha. Anayestaafu, kwa asili ya neno, ni mtu anayeomba awiwe radhi, aachiwe. Serikali ya Zanzibar iliwaachia wazazi wangu walipofika miaka 60. Waliobaki kuombwa ni sisi watoto, na sisi bado hatujajibu ombi.

Hata fasihi yetu inaona taabu kumwacha mtu apumzike. Mchukulie Utubora wa Shaaban Robert. Anaacha kazi ya mshahara mjini kwa hiari yake, na sisi wasomaji tunampenda kwa hilo. Lakini anaiachia nini? Anaiachia jembe. Ni kana kwamba mwandishi alijua hatutamstahi mtu aliyeacha kazi akaenda kukaa pwani tu. Na ukienda Tibirinzi, Chake Chake, utakuta kiwanja cha kufurahishia watoto, chenye bembea na mataa, kilichojengwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ule ule unaowalipa wastaafu. Sina neno nacho, wanangu wanakipenda. Ila nimeona kuwa mzee akifika pale, kazi yake ni kushika viatu vya watoto.

Simone de Beauvoir, katika kitabu chake kikubwa kuhusu uzee cha mwaka 1970, aliliona hili mapema. Anasema tunawataka wazee wawe watulivu na wenye hekima, na wakionyesha matamanio yale yale ya vijana tunashtuka, au tunawacheka. Niliposoma hayo niliukumbuka ujumbe wangu wa WhatsApp. Heshima niliyodhani nampa mama ilikuwa ni kiti, na masharti yake ni asiinuke.

Aristotle naye aliona kuwa tunafanya kazi ili tupate wakati ambao si wa kazi, na kwamba wakati huo ndio wenye thamani kuliko wote. Wagiriki waliuita skholē. Neno hilo limezunguka dunia likatufikia kwa njia mbili: kwa Wajerumani likawa shule ya bara, kwa Waingereza likawa skuli ya Zanzibar. Nilipomweleza baba, mwalimu wa miaka zaidi ya thelathini, alicheka sana. "Kwa hiyo skuli ndo nimeianza juzi," akasema.

Lakini nisimwachie Aristotle aondoke kirahisi. Mapumziko yake yalibebwa na watumwa na wanawake. Pemba hatuhitaji kufundishwa habari hiyo. Mikarafuu ya karne ya 19, iliyowastarehesha mabwana kwenye mabaraza yao, ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Kila mtu anapopumzika, inafaa kuuliza nani ameshika mzigo wake.

Na hapa ndipo hoja yangu inapopata kigugumizi. Wazazi wangu wana pensheni. Wengi kisiwani hawana. Mvuvi wa Kojani hastaafu, anazeeka tu. Mama anayechuma na kuanika karafuu za wenyewe hana siku atakayoandikiwa barua ya shukrani. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pensheni jamii kila mzee aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Ni jambo la fahari, na Afrika nchi nyingi hazijalifanya. Ila ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa pesa hiyo mtu hakodi gari la Vumawimbi. Je, nikitetea wiki ya wazazi wangu natetea haki, au natetea bahati?

Nadhani ni haki, ambayo mpaka sasa imewafikia wenye bahati. Kama furaha ya uzeeni tungeiona ni anasa, tungeridhika kuona wachache wanaipata. Tukiiona ni haki, basi yule mama wa karafuu anatudai.

Kuna pingamizi jengine ambalo wajomba zangu wanalipenda: huu ni uzungu, kwetu mzee hupata raha kwa kuzungukwa na wajukuu. Sikatai. Mama anawapenda wanangu kuliko mimi ninavyowapenda, na hilo halijawahi kuwa siri. Lakini zawadi ukiipangia tarehe mwenyewe, ukaitengea nauli, ukanuna isipokuja, hiyo imekuwa kodi.

Basi wiki ile tulitafuta dada wa kazi. Siku nilipokaa kupiga hesabu ya mshahara wake, chakula chake na nauli yake ya kwenda kwao sikukuu, ndipo niliposhtuka. Kazi ile ile nilikuwa nimempangia mama kwa sifuri, na jina la kazi hiyo nikaiita mapenzi. Halafu nikamwangalia yule binti, ana miaka ishirini na mbili, ana mama yake anayemngoja, na hana wiki ya kutembea. Mzigo nilioutoa begani kwa mama niliuweka begani kwake. Namlipa, ndiyo. Jumapili ni yake. Sidhani kama hapo hesabu imekwisha, ila sitajifanya nina jibu.

Mama alikuja wiki ya tatu. Nilimfuata bandarini, nikachukua begi lake, nikamtaka radhi kwa ule ujumbe, palepale kwenye foleni ya mizigo. Akasema ujumbe gani, naye anaukumbuka vizuri. Alikaa nasi karibu mwezi, akaimba, akaogesha, akamfundisha dada kupika mkate wa kumimina, naye akafundishwa kutumia simu mpya.

Tiketi ya kurudi alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, kainunua kwa pesa yake. Nilipomwomba aongeze wiki, safari hii nikiomba kweli, alimpakata mtoto, akafikiri.

"Tarehe kumi na mbili narudi," akasema. "Tunakwenda Misali. Wenzangu washalipa boti."