Nia ya Mkulima na Imani ya Mlaji

Chakula cha kilimo hai, yaani kile kinachozalishwa bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, huku rutuba ya udongo ikitunzwa kwa samadi, mboji na mzunguko wa mazao, kina ubora uliomo katika historia yake, na historia hailiwi wala haionekani. Huko Ilula mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, mnunuzi huigeuza nyanya mkononi na kuisugua kwa kidole gumba, akitafuta vumbi jeupe la dawa ya ukungu. Lakini nyanya ikishaoshwa humnyima hata ushahidi huo, hivyo hubidi amuulize muuzaji, na kuanzia hapo anachonunua ni neno la mtu.

Alama ya Kilimohai, inayowekwa kwenye mazao ya kilimo hai yaliyothibitishwa na inayotegemea viwango vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007, haikuondoa haja hiyo ya kuamini. Katika uhakiki shirikishi, mojawapo ya njia za kuipata alama hiyo, ambapo wakulima wa kikundi kimoja hukaguliana mashamba, neno la mmoja linathibitishwa na maneno ya wenzake, na imani ya mlaji inabaki palepale ingawa sasa ina mashahidi wengi.

Lililo gumu zaidi ni hadhi ya mkulima asiyetumia mbolea kwa sababu hana fedha. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mahindi na mbolea ya dukani vimezoeana kiasi kwamba ruzuku iliyorejeshwa msimu wa 2022/2023 ilipokelewa kama haki, mtu wa namna hiyo anafanana na mwenye njaa aliyesimama karibu na mfungaji: wote hawajala, lakini katika fikihi ya Kiislamu saumu haisihi bila nia. Hata hivyo, nia ya mkulima haikai moyoni tu, kwa kuwa anayeacha mbolea kwa hiari yake hana budi kusomba samadi, kuchanganya mboji na kupanda maharage pale palipovunwa mahindi. Asiyefanya hayo, awe maskini au mjanja, anaula udongo wake mwenyewe. Kwa hiyo mlaji wa mjini anayeuliza kama mboga imepigwa dawa, bila kuuliza shamba linarutubishwa kwa kitu gani, anaweza kupewa jibu la kweli kabisa na bado akawa amelipia ufukara wa mwenzake.