Taka ni za Nani?

Afagiaye ua wake, kisha taka akammwagia jirani, je, twaweza kumwita msafi? Mwaka 1988 watu wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa jaa lake, wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, ikaomba tena, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akisema uchafuzi huo wahatarisha haki ya kuishi. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wenyeji wa huko, zaidi ya 700, nao wakashtaki, wakashinda. Ndipo zikaenda Vingunguti, ambako nako walikaa watu. Mahakama yaweza kusema taka zisikae wapi. Kutafuta zikae wapi ni kazi ya Halmashauri, nayo, isipotenga mahali mapema, itampelekea nani ila asiyejua kushtaki?