Masikio ya Mwenzako



Katika darasa langu alikuwamo mtoto ambaye masikio yake yalisimama kando ya kichwa. Wenzake walimwita Popo. Nami mwalimu nilisikia, nikanyamaza. Siku moja hakuja mafundishoni, wala siku ya pili. Nilipokwenda kwao, mama yake akaniuliza: «Mwalimu, nasikia madaktari wa mjini huyapasua masikio ya namna hii na kuyalaza. Je, ni dhambi?»

Sikilizeni jibu. Ndani ya sikio mna gegedu, yaani mfupa laini. Usipojikunja vizuri mtoto akiwa tumboni, sikio husimama. Si laana, wala si kosa la mzazi. Mwaka 1881 daktari Edward Talbot Ely wa mji wa New York alieleza jinsi alivyomtengenezea masikio mtoto wa miaka 12 aliyechekwa shuleni. Leo madaktari hupasua ngozi nyuma ya sikio, hulikunja gegedu na kulishona. Hungoja kwanza mtoto atimize kama miaka 5, sikio likaribie ukubwa wake wote.

Nalo Kanisa lafundisha nini? Tarehe 4 Oktoba 1958 Baba Mtakatifu Pio XII alisema na madaktari wa kazi hiyo. Aliwafundisha ya kuwa uzuri wa mwili ni kipaji cha Mungu, lakini uko chini ya mema ya roho. Mwenye nia njema na sababu ya haki, asiyehatarisha afya yake bure, hatendi dhambi. Atakaye uzuri ili awavute wengine dhambini, huyo hukosa.

Basi nilimjibu mama: si dhambi. Lakini mji uko mbali, na fedha hakuna. Mtoto akabaki na masikio yake, nasi tukabaki na ndimi zetu. Je, kilichohitaji kutengenezwa kwanza ni kipi?

Kesho yake niliomba radhi mbele ya darasa lote. Baada ya juma moja mtoto alirudi, akaketi nyuma kabisa.

Wapenzi, Bwana Yezu alimfungua kiziwi masikio. Na usiku wa kukamatwa kwake aliliponya hata sikio la adui. Kwa desturi ya Kanisa, padri huyagusa masikio ya mbatizwa. Hatazami umbo lake, aomba yafunguke. Ayafumbaye asisikie kilio cha mwenzake, atalisikiaje Neno la Mungu?

Aliyempa mwenzake jina la kumcheka mwili wake, amwendee kabla ya Dominika.

Tumsifu Yezu Kristu.